UZI: Apu za takwimu za darasani, namba zinapanda juu kila siku ila kwa mwalimu hazirudi

ChakiNaBando (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa takwimu kwenye shule ya msingi moja huku Kanda ya Ziwa. Kwa wasioijua hiyo nafasi, ni ule mzigo anaotwishwa mwalimu yeyote anayeonekana anajua kubonyeza simu, hauna posho wala hupunguziwi vipindi, kazi yako ni kuhakikisha namba za shule zinafika zinakotakiwa. Nataka tuongelee hizi apu za kukusanya taarifa za darasani maana kila baada ya muda inakuja mpya, tunaitwa semina, tunakunywa chai, tunarudi na paswedi ambayo baada ya wiki mbili haifungui kitu.

Asubuhi iko hivi. Mwalimu wa darasa anaita majina, anajaza daftari la mahudhurio kwa wino. Jumla inaandikwa kwenye ubao wa ofisini. Mimi naipeleka kwenye mfumo kama mtandao upo. Wakati huohuo kwenye grupu la WhatsApp afisa elimu kata keshaandika "naomba mahudhurio ya leo kabla ya saa nne, wav, was, jumla". Namba moja, inaandikwa mara nne, na wanafunzi bado hawajatoka mapumziko.

Sasa swali langu ni moja tu. Hizo namba zikishapanda, nani amewahi kuona zikirudi? Simaanishi ripoti ya mwaka yenye picha za mabosi. Namaanisha mtu wa halmashauri akupigie aseme mwalimu, la tatu B wasichana wamepungua tangu wiki iliyopita, kuna nini huko? Mimi sijawahi kupigiwa. Nimepigiwa nilipochelewa kutuma.

Wakongwe wa Shinyanga, Simiyu, Mara, Tabora, Kigoma, Dodoma na Lindi mtakumbuka EQUIP-Tanzania, mradi wa fedha za Uingereza ulioanza 2014. Walileta vishikwambi mashuleni na mfumo wa SIS wa kuingiza mahudhurio ya wanafunzi na walimu, na waratibu elimu kata (ndio hawa maafisa elimu kata wa sasa) wakapewa pikipiki za kuzungukia shule. Wazo lilikuwa safi kabisa na kipindi kile pikipiki zilionekana barabarani kweli. Baadaye kila idara ikawa na mlango wake, usajili na uhamisho wa wanafunzi uko PReM ya NECTA, hela za shule ziko FFARS, takwimu za mwaka zina fomu zake za TSM, na mwanafunzi ni yuleyule mmoja mwenye sweta lililochanika kiwiko. Halafu baada ya Sensa ya Agosti 2022 vile vishikwambi vya makarani vikaletwa kwa walimu. Kifaa sasa tunacho, tuseme ukweli.

Mimi nimechoka kusubiri, nikatengeneza fomu yangu ya KoboToolbox. Ni bure, inafanya kazi bila mtandao, ukipata bando inatuma yenyewe. Nimeweka vitu vitatu tu: darasa, waliopo wavulana, waliopo wasichana. Ijumaa wanafunzi wakienda usafi nachora grafu kwenye Excel naibandika ofisini. Haikuchukua muda tukaona kitu ambacho kila mtu anakijua ila hakuna aliyewahi kukiangalia usoni: siku ya mnada wavulana wa la tano hadi la saba wanayeyuka, wanaswaga ng'ombe. Na mpunga ukianza kutoa suke wanapotea wadogo, wanaenda kuamia ndege. Kwenye mfumo mkubwa hiyo haionekani kabisa kwa sababu unachukua wastani wa mwezi.

Mwalimu mkuu akaipeleka ile grafu kwenye kamati ya shule, na mwenyekiti wa kijiji akaanza kusimama mnadani kufukuza watoto. Hawajaisha, ila wamepungua, na wazazi wawili watatu wamenuna hadi leo.

Hoja yangu: apu yoyote ambayo anayeijaza haimpi kitu wiki hiyohiyo, itapikwa. Naomba kuwasilisha, tiririkeni.

---

Sumuni

Nimeweka kiti. Kishikwambi changu cha sensa kioo kimepasuka, kinafunguka ukikilaza kwa upande wa kushoto. Endeleeni.

---

MkuuMstaafu

Mleta mada umeandika vizuri lakini unaangalia kwa jicho la darasa moja. Mimi nimekuwa mwalimu mkuu kabla ya hizo simu zenu na nakwambia namba zikienda juu zina kazi hata kama hupigiwi. Ruzuku ya uendeshaji inahesabiwa kwa kichwa, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sote tunajua 2016 elimu bila malipo ilipoanza na serikali ikaagiza uhakiki, wanafunzi hewa walipatikana kila kona. Kuna shule zilikuwa na watoto wa kwenye karatasi tu. Bila mfumo wenye jina na namba ya mtoto ungewakamataje hao? Sasa wewe unataka kila mwalimu awe na fomu yake mfukoni, kesho tutakuwa na takwimu za kila aina na hakuna ya kuaminika.

Pili, wastani wa mwezi ndio wizara inautaka. Wizara haiwezi kujua habari za mnada wa kwenu.

---

ChakiNaBando

Shikamoo mkuu. Sikatai hata kidogo, jina na namba ya mtoto vibaki kwenye mfumo mmoja wa serikali na mimi najaza kama kawaida. Ila angalia ulichosema mwenyewe. Hela inahesabiwa kwa kichwa, na anayehesabu vichwa ni yuleyule anayepokea hela. Hapo umeshamuwekea mtu mtego kabla hajawasha simu.

Na kupika kwenyewe kunaonekana wakuu. Mahudhurio ya shule nzima yakiwa 98% Jumatatu mpaka Ijumaa wiki ya masika daraja limekatika, hayo ni mapishi. Namba zote zikiishia na sifuri au tano ni mapishi. Fomu za wiki nzima zimejazwa Ijumaa saa tisa ndani ya dakika chache, mapishi na mkaa juu. Kobo inaandika yenyewe muda fomu ilipofunguliwa na muda ilipofungwa, mjazaji haoni. Tatizo hakuna anayefungua hizo safu, watu wanaangalia idadi ya shule zilizotuma. Shule ikituma ni kijani, isipotuma ni nyekundu. Kwa hiyo wote tunatuma.

---

KodiNaKahawa

Mimi sio mwalimu, natengeneza programu, nimewahi kufanya kazi na miradi ya elimu na afya. Niongezee upande wa kiufundi maana hapa watu wengi wanalipia vitu vya bure.

Kobo na wenzake wengi wametokana na ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle mwaka 2008, ilitengenezwa hasa kwa ajili ya kukusanya data kwa simu za Android mahali mtandao ni wa kubahatisha. Unaandika maswali kwenye jedwali la Excel, unaweka masharti, mfano waliohudhuria wasizidi waliosajiliwa, na simu inakataa palepale. Kosa linakamatwa mwalimu akiwa bado mlangoni mwa darasa. Kwenye karatasi kosa lilelile linakamatwa wilayani baada ya miezi, na hapo anayelirekebisha analirekebisha kwa kubuni.

Ila ushauri wangu mkubwa: punguza maswali. Kila ofisi ikisikia kuna fomu ya simu inataka kuchomeka swali lake, "tuongezee na matundu ya vyoo", "tuongezee na idadi ya miti". Nimeona fomu ya mahudhurio ya kila siku inauliza idadi ya madawati. Madawati yanazaliana usiku?

Halafu seva. Ulizeni mapema data inakaa wapi na nani analipia. Mradi wa mfadhili ukiisha seva nayo inazimwa, mnabaki na vishikwambi vya kuangalizia mpira. Januari 2025 Marekani iliposimamisha hela za USAID watu kibao kwenye miradi ya elimu walijikuta nje ndani ya siku chache. Kama nakala ya data ilikuwa kwa mfadhili tu, imekula kwenu.

---

MwalimuWaMagharibi

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, nilikuwa CSO, yaani afisa wa kusaidia walimu mashinani, zamani tulikuwa tunaitwa TAC tutor. Wacha niwape ya kwetu kwa sababu hiyo hoja ya "impe kitu anayejaza" sisi tuliiona ikifanya kazi.

Tusome, ule mpango wetu wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, ilipoanza 2015 kila CSO alipewa tablet yenye Tangerine. Hiyo ni apu ya RTI, shirika la utafiti la Marekani, ilijaribiwa kwanza huku kwetu Kenya kwa zile tathmini za kusoma za watoto wadogo. Ulikuwa unaingia darasani, unakaa nyuma, unajaza kama mwalimu anafuata mwongozo, kama vitabu viko mikononi mwa watoto au vimefungiwa kabatini vikae vizuri. Mwisho wa kipindi unachagua watoto watatu bila kupendelea, kila mmoja anasoma dakika moja. Tablet inahesabu sekunde, wewe unagusa neno alilokosea. Ikifika sekunde 60 inakupa hapohapo, huyu amesoma maneno mangapi sahihi kwa dakika.

Sasa hapo ndio utamu ulikuwa. Hukuwa unaondoka na data yako. Unakaa na mwalimu chini ya mti mnaangalia pamoja, mwalimu ona, hawa watatu wawili wamekwama kwa silabi, kesho fanya hivi. Tablet yenyewe ilikuwa inapendekeza la kumwambia. Mimi kuna mwalimu alikuwa ananiambia "CSO rudi Alhamisi uwasikie tena", yeye mwenyewe ndiye anaita ukaguzi!

Na siwezi kuficha, nauli pia. Ulikuwa unarudishiwa nauli kulingana na ziara ulizotuma, na GPS inaonyesha ulikuwa shuleni kweli. Kabla ya hapo kuna wenzetu walikuwa wanazuru shule wakiwa kwa hoteli ya mjini na chapati. Baada ya tablet, chapati ikabidi ingoje jioni.

---

MwlRehema

Hapo kwenye GPS ndipo mnaponipoteza. Mimi nafundisha darasa la wanafunzi zaidi ya 120, nyumba ya mwalimu hakuna, natembea, halafu mtu anataka simu yangu mwenyewe, bando langu mwenyewe, imwambie niko wapi. Kwa nini kila teknolojia ikija kwa mwalimu inakuja kama polisi? Uganda nao wana TELA, mwalimu anajiandikisha kwa simu kwamba yuko kipindini. Daktari anapigwa GPS? Mbunge je?

---

KodiNaKahawa

Dada Rehema hoja yako ni nzito na watafiti wameigusa. Kuna utafiti maarufu wa India, Duflo na wenzake, ulichapishwa 2012. Shule ndogo za mwalimu mmojammoja kule vijijini Udaipur, wakampa kila mwalimu kamera inayoandika tarehe na saa isiyochezewa, mwanafunzi anampiga picha mwalimu na wenzake asubuhi na wakati wa kutoka. Utoro wa walimu ulishuka toka 42% hadi 21% na watoto wakafaulu zaidi.

Lakini watu wanaishia hapo kusimulia. Mshahara wa wale walimu ulikuwa umefungwa na siku walizofika, ukifika zaidi unalipwa zaidi. Picha bila ile hela sidhani kama ingefanya chochote. Huku kwetu wanachukua kamera wanaacha hela.

---

MwlRehema

Ahsante. Hapo sasa tunaelewana.

---

MkuuMstaafu

Mwalimu wa Magharibi, hiyo ya Tusome nimeipenda. Ila hizo tablet mngewapa walimu wenyewe si ingekuwa bora zaidi? Au watoto kabisa?

---

MwalimuWaMagharibi

Mzee, hilo swali lilijaribiwa Kisumu kabla ya Tusome, 2013 hadi 2014 wakati wa PRIMR, mradi wa majaribio wa kusoma na hesabu uliotangulia. Kundi moja tablet kwa sisi tutor, jingine tablet kwa walimu, la tatu watoto wakapewa vifaa vya kusomea vitabu. Wote walifanya vizuri kuliko shule zisizo na mradi, lakini ukilinganisha na shule za mradi ambazo hazikupewa kifaa chochote, za vitabu na mafunzo tu, hapakuwa na tofauti ya maana. Na kwa gharama, tutor mmoja mwenye tablet anahudumia shule nyingi, kwa hiyo ndiyo ilikuwa nafuu. Ndio maana Tusome ikaenda na hiyo.

Kwa hiyo tablet yenyewe haifundishi. Mimi ningechagua vitabu kwanza, saa yoyote.

---

WakiliWaMchana

Samahani naingilia. Mmeongea kurasa zote hizi na hakuna aliyetaja kwamba hizo ni taarifa za watoto. ChakiNaBando umefanya jambo jema kuweka idadi tu bila majina, sijui kama ulikusudia. Ukianza kuweka jina, maksi, ulemavu, yatima, ujauzito kwenye fomu yako binafsi ya simu umeshaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo imeanza kutumika Mei 2023 na ina tume yake. Taarifa za mtoto zina ulinzi wa ziada, ridhaa ni ya mzazi au mlezi.

Wakenya wameshaonja. Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliipiga Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Picha tu. Sasa fikiria zile listi za matokeo zenye majina ya watoto na nafasi zao zinazorushwa kwenye magrupu ya wazazi kila mwisho wa muhula, "wa mwisho fulani, wa 118 kati ya 118".

---

MamaWawili

Wakili umenigusa. Grupu la darasa la mwanangu wanafanya hivyohivyo, mtoto wa jirani aligoma kwenda shule. Mimi kama mzazi nataka meseji moja tu, mtoto hakufika leo, basi. Meseji ya kawaida ya kwenye kitochi, sio link. Hizo grafu bakini nazo.

---

ChakiNaBando

Wakili nilikusudia, namba tu. Majina yanabaki kwenye daftari la wino na PReM.

Mama wawili, hiyo ya meseji ndiyo kitu ningependa mifumo mikubwa ifanye kabla ya dashibodi. Mzazi akijua kabla ya saa nne kwamba kijana hajafika, mnadani hafiki mbali. Gharama ya meseji nani abebe ndiyo ngoma.

---

Kidato

Naomba kuuliza nje kidogo. Kuna apu ya kujua nani ameelewa somo bila kusahihisha madaftari 90? Nipo sekondari, Fizikia.

---

KodiNaKahawa

Plickers. Simu moja tu, ya kwako. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro wa mraba, akiinua upande mmoja juu ni A, akiizungusha ni B na kuendelea. Unapitisha kamera darasani, inasoma nani kajibu nini. Jirani hawezi kuibia kwa sababu michoro yote inatofautiana. Kadi unaprinti mwenyewe. Kikwazo kwako, seti kubwa ya kadi inaishia 63, kwa hiyo darasa la 90 ligawe kwa madawati, au wawili wawili kadi moja, wabishane kwanza kabla ya kuinua. Mimi napenda hiyo ya kubishana.

---

Kidato

Wawili wawili kadi moja, nimeichukua. Bosi ubarikiwe. Kuprinti wino tu ndio naomba uvumilivu wa mhasibu.

---

MkuuMstaafu

Haya. Bado nasema mfumo uwe mmoja. Lakini kata yetu ina shule saba na nina mjukuu anafundisha mojawapo, anaweza kuijaribu hiyo fomu? Naye siku za mnada hana wanafunzi.

---

ChakiNaBando

Anaweza mkuu, nimekutumia PM ile faili ya Excel. Kabla hajaipandisha abadilishe majina ya mikondo maana mimi la kwanza nina A mpaka C, na pale kwenye waliosajiliwa aweke idadi za kwake la sivyo simu itamkatalia kila akijaza. Amwambie na mwalimu mkuu wake mapema isije ikaonekana anakusanya ushahidi. Kitu kingine, akague tarehe za simu za walimu wenzake kabla ya kuanza. Hapa kuna mwalimu simu yake ilizima chaji ikarudi 2019, na mahudhurio yake yote ya wiki ile yakaingia mwaka ambao hao watoto walikuwa bado hawajaanza shule.

---

Sumuni

Hahaha wanafunzi hewa wa kizazi kipya. Mkuu nami nitumie PM, ila kishikwambi changu ndio hicho nilichowaambia, fomu inakaa kwa upande wa kushoto?